Koti la Sufu Mbele ya Komisyo

Jumatano, 2 Juni 1954

Habari kubwa! Komisyo itafika nyumbani kwangu Jumamosi ya wiki ijayo. Aliyeniletea habari ni jirani yangu Zéphirin, mwalimu wa shule ya misioni, ambaye tayari anayo kadi ya mérite civique, ya Mwafrika aliyekubaliwa kuwa mstaarabu, na huitaja kila anapovuta pumzi.

Kwa faida ya watakaosoma maisha yangu nikishakuwa mtu mkubwa: naitwa Marcellin, mzaliwa wa Wamaza, upande wa Kabambare, karani wa mizani kwenye ghala la pamba hapa Kasongo. Mwenye kadi ile hachapwi fimbo. Hutembea jioni bila askari kumuuliza anatoka wapi. Huitwa Monsieur, yaani Bwana. Mimi bwana wa ghala huniita "wewe pale", tena kwa kidole. Mwaka jana mizani ilikosea, si mimi, mizani, akanisimamisha juani mbele ya wakulima wote wa pamba, na mke wangu Apolline akapita akaniona. Tangu siku ile naitaka kadi kuliko chakula.

Komisyo inayotoa kadi ni watu watatu: Administrateur msaidizi, Padri, na Mwafrika mmoja mwenye akili. Mwafrika mwenye akili ni Zéphirin. Mungu naye ana mizaha yake.

Watatazama uma, mapazia, choo, na kama mke hula mezani. Wanataka kuhakikisha kwamba tunajua kuishi. Tumeishi miaka yote hii bila kujua, ajabu hatujafa.

Sina wasiwasi. Uma tunazo. Tunacho kitambaa cha meza cha pamba, ambacho Apolline amekitarizi kwa masista kwa nyuzi za sufu: maua mekundu pembeni, ndege wawili katikati. Msimu mzima wa mvua alikuwa anadunga sindano. Na juu ya yote, ninalo koti la sufu na suruali yake, nililoachiwa na Mbelgiji aliyerudi kwao. Kasongo nzima hakuna mweusi mwenye sufu. Ukilivaa saa sita mchana unaiva. Ndiyo maendeleo.

Tatizo ni moja tu. Kifuani pana doa la mawese, pana kama kiganja. Nililipata kwenye ubatizo wa mtoto wa Zéphirin, aliponipitishia sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaiinamisha. Bahati mbaya, alisema. Hm!

Alhamisi, 3 Juni

Apolline amelifua koti kwa sabuni yake ya majivu. Nimemwacha ajaribu, ili baadaye asiseme sikumheshimu. Huchoma maganda ya ndizi, majivu huyatia kwenye chungu kilichotobolewa, anamwagia maji, na yale maji ya magadi yanadondoka chini taratibu mpaka mtu anasinzia. Huyaonja kwa ulimi. Yakiuma kidogo, yamefaa. Halafu anayachemsha na mawese. Sabuni yenyewe nyeusi, laini, inateleza mkononi. Nasoma gazeti la Kifaransa, mke wangu anafua kwa majivu!

Kasugua asubuhi yote. Doa limefifia, halikutoka. Kaniambia kwa upole, akiniita kwa jina la binti yetu: "Baba Pascaline, acha tu. Nitafua tena kesho na kesho kutwa. Siku ya komisyo haitaonekana."

Kesho na kesho kutwa! Kwa mwendo huo Kongo itaendelea lini?

Mchana nikamwendea Kasimu, dereva wa kamio, lori la pamba, mtu wa Kabambare kama mimi. Anajua kila kinachosafirishwa na kila kinachodondoka njiani. Kanipa kopo la soda kostiki, vipande vyeupe vya kung'aa, kitu cha viwanda vya sabuni vya Wazungu. Kanionya: "Kaka, hii kitu iko kali. Usiiguse na mukono hata kidogo."

Nimemtii. Sikuigusa kwa mkono.

Ijumaa, 4 Juni

Siwezi kusema. Kuandika bado naweza.

Nieleze jambo lilivyokuwa, kwa sababu lina mantiki yake. Marehemu bibi yangu kule Wamaza alikuwa hapiki mboga wala sabuni kabla ya kuonja magadi. Mtu wa Kabambare huyajua magadi kwa ulimi. Kwa hiyo jana, kabla ya kulala, nikachukua kipande kimoja cha soda kwa kijiko (si kwa mkono!) nikakiweka kwenye ulimi, nikafumba macho ili nionje vizuri.

Nilipofumbua macho nilikuwa uani, kichwa ndani ya ndoo. Apolline ananimwagia maji, anamwaga, anamwaga. Aliniuliza ni nini. Nikajibu. Akauliza tena. Ulimi ulikuwa umeteleza kama sabuni, kisha ukawa kama si wangu.

Leo kazini sikuweza kutamka uzito wa hata gunia moja. Bwana wa ghala amesema hajawahi kunifurahia kiasi hiki.

Jioni Zéphirin akaja kunifariji, yaani kustarehe. Akajikalisha kwenye kiti changu na kunifundisha kama darasa la watoto. "Mon cher," akasema, "hii haiko magadi ya bibi yako." Eti magadi ya majivu ni besi dhaifu, soda kostiki ni besi kali. Eti hata kwenye asidi ni vivyo hivyo: maji ya ndimu na siki ni dhaifu, maji ya betri ni makali.

Akatoa mfano wa kijiji. Askari wakija kuita watu kwenye kazi ya barabara, kuna kijiji ambacho watu wote hutoka, hata mmoja habaki nyumbani. Hicho ndicho kikali: kikiingia majini, chote hujitoa. Na kuna kijiji ambacho hutoka wachache, wengine wamejificha porini. Hicho ni dhaifu. Wanaokuunguza ni wale waliojitokeza barabarani tu. Nikakiri moyoni kwamba si mfano mbaya, maana Wamaza tulikuwa wa porini.

Akaendelea. Eti ukali ni jambo moja na wingi ni jambo jingine. Eti kijiji kikubwa mno cha wajanja, hata wakitoka wachache kati yao, wanaweza kujaza barabara kuliko kijiji kidogo cha watiifu. Hapo sikumsikiliza tena. Nilikuwa natazama tai yake. Ina doa, na si kubwa vya kutosha.

Jumamosi, 5 Juni

Ulimi nafuu. Mpango unaendelea. Kama soda ina nguvu ya kumtupa mwanamume uani, doa la mawese ni nini?

Nimengoja Apolline aende sokoni. Nikachukua sufuria yake kubwa ya aluminiamu, ile aliyopewa na mama yake kule Nyangwe siku ya harusi, nikatia maji na soda. Ikaanza kuchemka. Moto sikuwasha! Nikafurahi sana. Nikajiambia, kuni zote hizi tunazochoma bure.

Baadaye povu likawa jeusi. Moshi mweupe ukapanda, unakereketa koo. Nikaikamata sufuria kwa kitambaa niihamishe. Mikono ikabaki na sufuria, maji yakabaki chini. Kitako hakikuwepo.

Apolline karudi akasimama mlangoni. Akauliza: "Sufuria yangu iko wapi?" Nikamwonyesha ile pete niliyoishika. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba aluminiamu ile bila shaka ilikuwa ya daraja la chini. Jambo hilo linahusu familia yake, kwa hiyo nililisema kwa heshima.

Hajanipikia. Nimekula ndizi.

Jumapili, 6 Juni. Pentekoste

Misa kubwa. Nimevaa koti la sufu, doa lake kifuani, na kitabu cha sala nikakibana juu ya doa tangu mlangoni mpaka mwisho. Ulimi bado unauma, sikuimba hata wimbo mmoja. Padri akidhani nimezama katika sala akanipa tabasamu. Hayo ni mafanikio ya kwanza ya wiki hii, nayaandika.

Wakati wa kutoka Zéphirin akaniomba nimwonyeshe zaburi fulani. Ili nifungue kitabu! Nikamwambia macho yangu yamechoka. Akatazama kifua changu muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya huruma kwamba sabuni ya Apolline ingetosha. Anatetea majivu sasa, mwalimu mzima! Anataka nibaki na doa.

Jumatatu, 7 Juni

Sikukuu bado, kazi hakuna. Siku ya ushindi.

Nimeazima beseni la enameli. Enameli soda haiili, nimejifunza. Maji ya moto, soda nusu kopo. Nikaingiza koti, suruali, na kwa kuwa nafasi ilikuwepo, na kitambaa cha meza pia. Nikafunika. Nikakaa mbali kama mtu mwenye hekima na kungoja jua lipande.

Nilipofunua, maji yalikuwa mazito, ya rangi ya kahawa. Uchafu wa Mbelgiji, nikasema, kumbe walikuwa wachafu hivi! Nikaingiza fimbo kulivua koti. Nikapata bitana. Nikavua tena. Nikapata mifuko, vifungo vya shaba, na uzi mrefu. Nikavua, nikavua. Koti halikuwemo. Suruali nayo haikuwemo. Nilizunguka nyumba nikifikiri mwizi amepita.

Kitambaa cha meza kilikuwemo. Cheupe! Sijaona weupe wa namna ile hata kwa masista. Nilikikunjua kwa furaha. Ua hakuna hata moja. Ndege wamekwenda. Vitundu vidogo vya sindano tu, vimepangana vizuri pale palipokuwa na bawa.

Zéphirin, aliyekuwa akichungulia juu ya uzio kwa bahati, kama kawaida yake, kaeleza bila kuombwa. Sufu ni manyoya ya kondoo, na besi kali hula manyoya na nywele mpaka ziwe uji. Pamba haiili. Magadi ya majivu yasingefanya hivyo kwa siku moja. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alisema, Ijumaa, wakati nikitazama tai yake.

Apolline alikichukua kitambaa akaketi nacho kizingitini. Akapitisha kidole kwenye vile vitundu, kimoja baada ya kingine, mpaka akamaliza ndege wa kwanza. Hakulia, hakugomba. Afadhali angenipiga. Niliona aibu, naiandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye.

Halafu nikakumbuka komisyo, aibu ikanitoka. Muda wa aibu haupo.

Jumatano, 9 Juni

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza. Nguo za pamba! Ninayo suruali nyeupe ya pamba na shati lake. Nimeziloweka kwenye soda ile ile pamoja na kitambaa, kwa sababu sasa najua: pamba haiili. Zikawa nyeupe hata kuku wakaziogopa.

Ila zinateleza. Nimesuuza, bado zinateleza kama samaki. Soda imeng'ang'ania. Zéphirin aliwahi kusema asidi huiua besi. Nikaenda na fikira hiyo, sina chuki na elimu hata ikitoka kwa nani.

Apolline kakamua ndimu ndani ya ndoo ya maji akaniambia nisuuze kwa hayo, halafu maji matupu, mara nyingi, na kungoja. Nimetia mkono ndani ya ndoo. Hauumi. Asidi gani isiyouma? Ya porini hiyo, wote wamejificha! Kwa besi kali huletwa asidi kali, hata askari hamtumi mtoto kumkamata jambazi.

Kasimu kanitolea chupa ya maji ya betri kutoka kwenye kamio. Kaniuliza nataka kuchaji nini. Nikamwambia, maendeleo. Akasema: "Kaka, miye niko dereva tu, lakini ile maji ilishakula suruali yangu." Nikamuuliza suruali ya namna gani. Hakumbuki! Na watu kama hawa ndio wanaotoa ushauri.

Nimeimimina kwenye beseni, nikaingiza nguo zote. Mtelezo ukaisha mara moja. Nikasuuza mara moja. Zikiteleza ni besi, zisipoteleza zimepona. Sikuona haja ya maji zaidi, na kisima kiko mbali.

Mikono yangu imebabuka kidogo na kupata madoadoa ya kahawia. Mikono ya mtu wa sayansi.

Ijumaa, 11 Juni

Zote zimekauka kwenye kamba, jua la kiangazi kali. Hakuna tundu, hakuna doa. Nyeupe! Nimemwita Zéphirin aje aone. Akauliza nimesuuza mara ngapi. Nikamjibu vya kutosha. Akauliza vya kutosha ni ngapi. Wivu ni ugonjwa mbaya sana.

Apolline alitaka kupiga pasi. Nimemkataza kabisa. Pasi ya makaa hudondosha majivu, na mimi na majivu tumeachana. Akasema nguo zinaonekana vizuri lakini zina mlio mbaya zikikunjwa, kama karatasi. Nikamwambia huo ndio mlio wa nguo safi, hajauzoea tu.

Kesho! Nimefanya mazoezi ya kusema "Enchanté", nimefurahi kukufahamu, mbele ya kioo. Ulimi umekubali.

Jumamosi, 12 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Walifika asubuhi. Nilisimama mlangoni, suruali nyeupe, shati jeupe. Nikampa Administrateur msaidizi mkono. Akautazama, akaushika kwa ncha za vidole, akatoa leso akajifuta. Pole yake.

Uma wakaziona. Mapazia wakayaona. Zéphirin alikuwa akitafsiri maneno yangu kwa Kifaransa. Nikasema kwa Kifaransa kwamba najua Kifaransa. Akatafsiri na hilo.

Tukaketi. Apolline akaleta kahawa, akaweka birika la moto katikati ya kitambaa, akaketi nasi mezani kama Wazungu wanavyopenda. Padri akasifu weupe. Nikasema ni sayansi. Padri akaegemeza kiwiko mezani kusudi anisikilize vizuri, na kiwiko kikapita ndani ya kitambaa. Hakukuwa na sauti ya kuchanika. Akakiondoa polepole na kujifanya hakuona, ni mtu wa Mungu. Halafu Administrateur akainua kikombe, na kisahani kikapanda na mduara wake wa kitambaa chini, umekatika vizuri sana. Chini ya birika palikuwa na shimo la kahawia linalopanuka huku sote tunalitazama.

Nikainama kuokota kijiko ili kuwageuzia mawazo. Hapo ndipo suruali ilipoamua. Haikuraruka. Iliacha tu kuwepo, upande wa nyuma, kutoka kiunoni mpaka magotini. Nikahisi upepo wa kiangazi.

Nikasimama haraka, mgongo ukutani. Bahati gani, wakaomba kuona choo! Kipo uani, nyuma ya nyumba. Nikawatangulia kinyumenyume, nikitabasamu, nikionyesha migomba kushoto na kulia. Administrateur akauliza kama huko Kabambare ndiyo desturi kutembea kinyumenyume mbele ya wageni. Zéphirin akajibu bila kupepesa jicho kwamba ndiyo, Wamaza humpa mgeni mkubwa heshima hiyo, na ni dharau kumgeuzia mgongo. Akasema uongo kuhusu kwetu mbele ya serikali! Nitamkumbuka.

Choo wakakisifu. Kwenye kona ya choo, mkono wa shati ukadondoka.

Jumapili, 13 Juni

Leo ndipo nimejua yaliyotokea baada ya mimi kujifungia chumbani.

Kanieleza Padri baada ya misa. Administrateur alikuwa tayari kukataa. Apolline akamwomba ruhusa ya kusema, akasema kwa Kifaransa alichojifunza kwa masista. Alisema nyumba ni safi, mtoto yuko shuleni, mume hanywi, hapigi, na kosa lake pekee ni kufua kupita kiasi. Administrateur akacheka mpaka akakohoa. Padri naye. Zéphirin akaongeza kwamba bidii yangu haina kifani Kasongo nzima. Alimaanisha ubaya, sina shaka.

Uamuzi: nyumba imepita. Mke amepita, tena kwa sifa. Aliyebaki ni mimi. Administrateur amesema mtu atakayeitwa Monsieur lazima awe na mkono unaoweza kushikwa. Jumatano niende ofisini kwake. Atanipa mkono. Ukiwa mkono wa mtu, kadi ni yangu. Ukiwa kama ule wa jana, nitangoja miaka, na huenda nisiitwe tena.

Mkono tu! Yote haya yamebaki mkono mmoja.

Nilimshukuru Apolline. Kwa kweli nilimshukuru. Akasema anataka kwangu kitu kimoja tu. "Ukae, Baba Pascaline. Ukae tu, usiguse kitu." Nitanawa kwa sabuni yake ya majivu, atanipaka mawese, na mpaka Jumatano ngozi itakuwa imepoa. Madoadoa kidogo yatabaki, lakini Mzungu hataogopa. Nikaapa kwa jina la Bikira Maria.

Jumatatu, 14 Juni

Nimekaa. Asubuhi yote nimekaa! Bwana wa ghala kanipa ruhusa, amesema nisishike pamba yake kwa mikono ile. Apolline amenipaka mawese akaenda kwa masista kuomba nyuzi, anataka kuanza kitambaa kingine. Kabla ya kutoka amenitazama machoni na kunikumbusha kiapo. Nikarudia kuapa.

Ngozi inapoa kweli. Lakini madoadoa yapo. Kahawia, manne makubwa, hasa kwenye mkono wa kulia, ule wa kupeana. Nimeyatazama sana. Kukaa kunamfanya mtu atazame.

Kasimu kapita na kamio akitoka kwenye shamba la mpira. Ana chupa mpya, ya glasi nene. Ni dawa ya kugandisha utomvu wa mpira, asidi. Anasema kule hutia vijiko vichache tu kwenye ndoo kubwa ya maji. Nikamuuliza kama huondoa madoa. Akasema hajui, lakini aliyemwagikiwa alikuwa na ngozi mpya baada ya wiki. Ngozi mpya!

Nisieleweke vibaya. Mimi si yule wa juzi. Zamani ningeimimina bila kuuliza. Sasa nimekuwa mwangalifu, nimekwenda kwa mtu mwenye elimu, nimemwita Zéphirin juu ya uzio wakati anakimbilia shule. Nikamuuliza swali moja tu, la kisayansi: asidi ya mpira ni kali au dhaifu? Akasema ni dhaifu. Alisema hivyo wazi, na Mungu shahidi. Akaongeza "lakini", kengele ikalia, akakimbia. Walimu hawawezi kumaliza sentensi bila lakini.

Dhaifu! Ya ndimu na siki! Wametoka wawili watatu, wengine wako porini. Kwa hiyo nimeimimina chupa yote ndani ya beseni bila tone la maji. Kitu dhaifu kikitiwa maji kitabaki na nini? Harufu yake inachoma pua, ndiyo harufu ya siafu waliokanyagwa. Ni kitu cha asili.

Naandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko utanisamehe. Wa kulia umeshaingia mpaka kwenye kifundo. Nimejipangia kuuacha humo mpaka Apolline arudi, aone mwenyewe. Unawasha. Unawasha sana. Bila shaka ni uchafu unatoka.